Njia Chache Zatosha

Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kusubiri mashine ya Urbanus. Yake ilivuta betri tu.

Aikande alimkuta mara ya kwanza sokoni Mwanga, mjini Kigoma, kavaa shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, akipekua mafungu ya dagaa moja baada ya jingine huku foleni ikinuna.

"Kaka, unanunua au unachumbia?"

"Nalinganisha, dada. Nikikosea je?"

"Ukikosea utakula dagaa."

Muuzaji akaangua kicheko. Jumatatu, Aikande, mhandisi aliyehamia Kigoma kutoka Moshi, akamkuta huyohuyo ofisini. Wangeunda pamoja kipokezi cha ujumbe wa dharura kutoka kwenye boti za wavuvi.

Mawimbi ya redio ziwani hayatulii. Moja huja moja kwa moja, jingine hugonga maji, jingine milima. Yakikutana huzidishana nguvu au huuana. Ujumbe hufika umechakaa, kipokezi kikabaki kukisia. Programu ya Urbanus ilipima kila jibu linalowezekana kabla ya kuchagua. Haikukosea, ila mvuvi anayezama hana muda huo.

Walipopendana, hata mapenzi aliyapima vivyo hivyo. Wakila migebuka ya kuchoma ufukweni Ujiji, angeanza:

"Mama yako akinikataa mimi Muha? Wakikuhamisha?"

"Mpenzi, chagua moja, samaki anapoa."

Jaribio la kipokezi lilikaribia; likishindwa, mradi ungefungwa, na Aikande angerudishwa Moshi. Asubuhi ya jaribio, Urbanus akiwa tayari ndani ya boti ya kutuma ujumbe, Aikande aliibadilisha programu: kila hatua ishike makisio machache yenye nguvu, mengine iyatupe mapema. Kisha akampigia.

"Umeifuta kazi yangu?"

"Nimeipunguza, kipenzi."

"Bila kuniuliza!"

Simu ikakatwa. Aikande akakaa mbele ya kipokezi, vidole vikikunja pindo la kitenge chake. Nje upepo uliinuka. Ishara ikazama, ikaibuka, ikazama. Mara kioo kikawaka:

NIMEYATUPA MASWALI YOTE. LIMEBAKI MOJA. NIJE MOSHI NA POSA?

Jioni Urbanus alishuka gatini amelowa chapachapa, akijikaza asitabasamu.

"Ulipata?"

"Kabla sijapepesa jicho. Njoo nayo, na mama nitamwambia mwenyewe."

Urbanus akamkumbatia, maji yakamlowesha kitenge.

"Lakini uliifuta kazi yangu, Aikande. Niombe radhi basi."

"Posa naipokea," akasema, akimfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Radhi sikuombi."