Nukta Nyekundu

Brashi ilianguka kutoka juu ya ngazi, ikatua begani kwa Waya, ikateleza mpaka kifuani kwenye gauni la njano aliloazima kwa mama yake mdogo asubuhi hiyo hiyo. Rangi nyekundu, tena ya mafuta! Mtaa wa vipuri vya umeme ulikuwa umefurika watu, spika za maduka zinashindana kwa makelele, wenye mikokoteni wanaomba njia, lakini ukelele wake ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"We kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada, tena mazuri," alijibu kijana aliyekuwa juu ya ngazi akiandika bango la duka la betri. "Ila brashi nayo ilikuona. Imeshindwa kuvumilia, ikaruka."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Waya alijikaza asicheke, na jamani, alishindwa. Kijana akashuka, mrefu, shati lake lina rangi zote za dunia, huku akijisugua mkono wa kulia kwenye suruali.

"Samahani sana. Mkono ulikufa ganzi kidogo. Nitakununulia gauni jingine."

"Gauni si langu. Nataka mkono wako."

"Mkono wangu? Wa nini, wewe mganga?"

"Mwanafunzi. Njoo chuoni Jumamosi, utaona."

Chuoni walimwita Waya kwa sababu hakukosa kipande cha waya kwenye nywele, pale wenzake wanapochomeka kalamu. Alikuwa mwaka wa mwisho, na pamoja na mwenzake aliyeitwa Kipara walikuwa wanatengeneza mkono wa plastiki unaoendeshwa na umeme wa mwili. Kilichokosekana ni mtu wa kuujaribia. Mikono ya wanafunzi ilikuwa laini kama maandazi, na Kipara mwenyewe alikuwa mvivu wa kukaa kitako.

Jumamosi yule mchoraji wa bango akaja, amenyoa, amevaa shati jeupe lisilo na tone la rangi. Waya alimbandika vibandiko vitatu kwenye misuli ya mkono.

"Ukikunja ngumi, msuli unatoa umeme kidogo mno," alimweleza. "Vibandiko vinaunasa, kitufe hiki cha kuzungusha kinaukuza kama unavyoongeza sauti ya redio, halafu mkono wetu unakuiga. Haya, kunja."

Akakunja. Juu ya meza, mkono wa plastiki ukafumba vidole polepole.

"Lo! Umeniiga kweli!" Akachomoa brashi nyembamba mfukoni, maana hakutembea bila brashi, akatia nukta nyekundu kwenye kitufe, mkabala na alama ya moja. "Hapa ndipo ulipokubali. Tusipasahau."

"Umenichafulia mashine!"

"Nilianza na gauni, mhandisi wangu. Zoea tu."

Mapenzi yao hayakuchelewa. Jumamosi ikawa siku ya kazi, na siku nyingine zote zikawa za simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula, ila nimeshiba sauti yako zaidi."

"Mwongo mkubwa! Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mabango. Siandiki betri peke yake."

Lakini Jumamosi moja mchoraji alikunja ngumi na mkono wa plastiki haukufumba. "Jasho hilo," alisema Waya, akampangusa, akakizungusha kitufe kidogo tu, na mkono ukatii. Iliyofuata, tena. Vibandiko vya bei ya chini hivi, alinung'unika, akazungusha. Mara betri, mara waya, mara baridi ya chumba. Kila alipozungusha mkono ulitii, na mchoraji aliutazama kwa macho ya mtu aliyesamehewa. Waya akaona ni furaha tu, akapenda.

Kisha mchoraji akaanza kubadilika. Simu hapokei. Kahawa waliyoahidiana, hakutokea. Siku moja Waya alipiga, ikapokewa na mwanamke.

"Subiri kidogo, mpenzi. Namalizia kumfunga vifungo vya shati."

Waya akakata. Alikaa kwenye ngazi za bweni akalia mpaka kope zikavimba. Kumbe! Kumbe ndiyo maana! Alifuta picha zao na kuapa kutompigia tena, na Jumamosi hiyo mchoraji hakuja.

"Basi tutumie wangu," alisema Kipara, akajibandika vibandiko mwenyewe. Hakukunja hata ngumi. Aligusa pua tu. Mkono wa plastiki ukajifumba kwa kishindo, kidole kimoja kikakatika na kurukia dirishani.

"We Waya! Umeweka nguvu ya nini hapa? Ya kuamsha maiti?"

Waya akakitazama kitufe. Nukta nyekundu ilikuwa imezunguka mpaka upande wa pili, karibu na mwisho. Jasho halikuwa jasho, wala vibandiko havikuwa vibovu. Mashine ilikuwa imesema kweli kila Jumamosi, naye kila Jumamosi aliinyamazisha.

Hakungoja kuaga. Chumba cha mchoraji kilikuwa nyuma ya duka la ushonaji. Alifungua mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Ndiye wewe uliyenikatia simu?" aliuliza. "Mimi dada yake, fundi cherehani. Ingia, wifi yangu. Muulize mwenyewe, mimi nimechoka kulia."

Mchoraji alikuwa kitandani, brashi zake zimefungwa kwa kamba kwenye kona. Mkono wa kulia ulilala juu ya paja, umekonda kwenye bonde la kidole gumba.

"Tangu lini?" Waya aliuliza.

"Kabla ya mvua kuanza. Daktari alisema neva zinazoendesha misuli zinakufa, na hakuna wa kuzirudisha. Akanipa vidonge vya kuuchelewesha ugonjwa."

"Na ukanificha!"

"Nilikuficha?" Akacheka bila furaha. "Nilitoka kwa daktari nikaja kwako moja kwa moja. Nikakunja ngumi, mkono ukafumba. Nikasema daktari mwongo. Jumamosi nyingine, ukafumba tena. Vidonge nikavitupa, Waya. Nilikuamini wewe kuliko yeye. Mpaka vifungo vya shati viliponishinda, nikaona haya kuja."

Waya akashika ukingo wa mlango. "Nilikuwa nakizungusha kitufe," alisema. "Kila mara. Nilidhani nairekebisha mashine. Mpenzi wangu, nimekudanganya bila kujua."

Mchoraji akaugeukia ukuta. "Nenda nyumbani," alisema.

Akaenda. Siku zilizofuata alipiga, hakupokelewa. Alimpigia dada mtu, akaambiwa vidonge vimeanza upya, ila mgonjwa haongei. Waya hakula, hakulala, akabandika kidole kilichokatika kwa gundi huku machozi yakidondokea meza. Jumamosi, mlango wa maabara ukasukumwa kwa bega. Alikuwa mchoraji, na vifungo vya shati vimefungwa sawasawa.

"Rudisha kwenye nukta," alisema.

"Usijitese..."

"Rudisha, mhandisi wangu. Nataka kuona."

Waya akambandika vibandiko, akakirudisha kitufe mpaka nukta nyekundu ikakutana na ile alama ya moja. "Kunja," alinong'ona.

"Nimekunja."

Mkono wa plastiki ulilala juu ya meza kama kitu kilichosahauliwa. Vidole vya Waya viliwasha kwa hamu ya kuzungusha, kidogo tu, mkono ule umtii japo mara moja. Akaificha mikono yake mgongoni. Mchoraji akalia kwa sauti, naye akalia pamoja naye.

"Ile brashi ya siku ya kwanza," Waya aliuliza baadaye, "haikuruka, sivyo?"

"Haikuruka. Ilinitoka tu."

Waya akavibandua vibandiko mkononi, akampangusa paji la uso kwa leso, akavibandika pale. Akaanza kupima upya tangu mwanzo, akimwonyesha kila anachogusa. Kisha akaingiza vidole vyake ndani ya kiganja cha plastiki.

"Kunja uso."

Akakunja. Mkono ukafumba, ukamshika.

"Nioe," alisema Waya.

"Nitakuoaje mtu nisiyejua kesho kama nitashika kijiko?"

"Nitashika mimi. Nioe."

"Na uso nao ukichoka?"

"Nitakwambia siku hiyo hiyo. Sitazungusha kitu bila wewe kujua."

Machozi yalimshuka mchoraji mpaka kidevuni na hakuna aliyeyafuta. "Basi nimekubali," alisema. Lakini hakuulegeza uso. Alibaki ameukunja hivyo hivyo, paji likitetemeka, kwa sababu akiulegeza tu mkono ungefumbuka na kumwachia.