Mwenzetu wa Ming'oko

Saa 2:10 asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la fundi simu, Nachingwea.

"Lori la ufuta linatoka Ruangwa saa tatu na nusu," Gabrieli alisema. "Kwenye mlima wa Nambilanje linajikokota. Shehe hapa anavuta gogo barabarani. Eustace anamshusha dereva. Hakuna kufyatua risasi."

"Huo muda kakupa nani?" Eustace aliuliza.

"Rahel. Karani wa ghala."

Rahel alikuwa amekaa palepale, anatabasamu. Eustace hakumtazama.

"Kaka, huyu unamjua toka lini?"

"Miezi saba."

"Ya mtandaoni!"

Ya mtandaoni, ndiyo, kwani kuna ubaya gani? Walikutana kwenye kundi la wapenda ming'oko, vile viazi pori vya kusini. Gabrieli akitupia rumba la zamani, Rahel kashalaiki. Akiwaponda waimbaji wa siku hizi, Rahel anacheka naye mpaka simu inazima chaji. Kakulia Chunyu, alisema, ming'oko ndiyo iliyomlea. Jamani, mtu wa hivyo unamhoji nini tena?

"Namdhamini mimi," Gabrieli alisema.

Eustace alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alichukua bastola.

Saa 3:50. Kichakani, kando ya barabara.

Shehe alifungua mfuko wa ming'oko ya kuchemsha. Wakamenya, wakala. Rahel akang'ata wake na ganda lake, akatafuna kwa shida, akameza.

Shehe aliduwaa. Eustace akamsogelea kaka yake.

"Huyo hajawahi kula ming'oko hata siku moja. Bro, tusepe."

Gabrieli alikuwa ameona. Mungu wake anajua aliona. Lakini miezi saba! Mtu pekee aliyependa kila alichokipenda yeye!

"Una wivu," alisema. "Kakae kwenye nafasi yako."

Eustace akaenda.

Saa 4:25. Lori likaja. Gogo likavutwa. Eustace alirukia mlango wa dereva, turubai likafunuliwa, makachero sita juu ya magunia. Risasi ililia moja tu.

Gabrieli alipigwa pingu. Rahel alikuwa anawaita makachero kwa majina yao.

"Hata rumba hulipendi?"

"Nilikuwa nabonyeza tu," alijibu, wala hakumcheka.

Eustace alikuwa chali kwenye changarawe, shati limelowa damu. Gabrieli akapiga magoti, akamnyooshea mikono yenye pingu.

"Mdogo wangu."

Eustace akageuzia uso upande wa pili, aliko Shehe, naye kafungwa vilevile.

"Shehe," alisema, "nishike wewe."

Shehe akamshika, mpaka mkono wa Eustace ukalegea.