Pesa Iliyotoka Jasho

Alhamisi moja ya Julai 1936, jua likiwa limekwisha kuzama nyuma ya milima na ukungu ukipanda kutoka bondeni, Tobia aliingia dukani kwa Abdi, pale Lushoto, kununua magadi ratili mbili.

"Mwalimu wa kutu!" Abdi akapaza sauti ili wateja wote wasikie. "Maharage gani hayo yako, yasiyoiva tangu Pasaka?"

"Nipimie tu, Abdi. Na kidole chako ukitoe kwenye mzani."

Watu wakacheka. Kazi yake waliijua: kuhifadhi sarafu kuukuu za shaba, ufundi aliofundishwa miaka sita na Mzungu mmoja mkusanyaji. Tobia hakuzing'arisha. Utando wa kijani uliokomaa ni ngozi ya shaba. Kuubandua ni kuichuna sarafu. Adui yake alikuwa unga: ule mweupe-kijani, mwepesi kama poda, unaotoka kwenye shaba iliyougua. Ukiupangusa leo, kesho umerudi. Dawa yake ni kuiloweka sarafu katika maji ya magadi, na kuyabadilisha kila juma, kwa miezi.

Safari hii alikuwa na pesa thelathini na moja za Mdachi, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Vibarua walizikuta chunguni walipoipanua njia panda ya Gare. Moja tu ilikuwa inatoka unga. Utaratibu ulimtaka aitenge, isiziambukize nyingine. Lakini magadi yalikuwa machache, naye akaziloweka zote katika beseni moja.

Alijua kwamba ni kosa. Alilifanya hata hivyo.

Njiani kurudi nyumbani alimkuta bibi mmoja akitembea kando yake. Alinuka kama kiganja kilichofumbata shaba kutwa nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unawapelekea maji tena?"

"Nawapelekea nani?"

"Watoto wetu. Thelathini na mmoja."

Tobia akapunguza mwendo. Bibi hakupunguza, na bado walikuwa sambamba...

"Mwaka wa ndui," bibi alinong'ona, "mganga alimsugua kila mtoto kwa pesa yake. Ugonjwa ukahamia kwenye pesa. Tukazizika njia panda. Shaba ikaota kijani, kijani kikawafunika, wakalala. Wewe umewafunua. Mmoja ameamka, anasikia baridi. Anatafuta mwili."

"Mwili wa nani?"

"Wa mtoto aliye karibu."

Tobia akakaza mwendo. Nyumbani kwake alikuwapo mtoto mmoja tu.

"Atamwacha, akipata mwingine," bibi akaendelea. "Ila huyo mwingine aiokote pesa yake kwa mkono wake mwenyewe. Nawe uikane mbele yake."

Walipofika kwenye kona, Tobia alikuwa peke yake. Hakumsikia bibi akiondoka. Wala hakukumbuka kumsikia akitembea.

Mkewe, Zipora, alikuwa amesimama mlangoni na taa.

"Baba Yudith, njoo umwone mwanao. Upesi."

Yudith, mwenye miaka saba, alilala kifua wazi, akitetemeka. Kifuani palikuwa na alama ya mviringo, ukubwa wa pesa. Juu ya alama hiyo palikuwa na unga.

Mweupe-kijani.

Zipora aliupangusa kwa kanga.

Ukarudi.

Ijumaa mganga wa hospitali alitoa kwinini na kutikisa kichwa. Jumamosi alama zilikuwa nne. Tobia, mtu wa hesabu, alikokotoa mwendo wake: zingefika kooni Jumatatu.

Jumapili asubuhi aliiopoa ile pesa yenye unga. Pesa ya kijani haiokotwi na mtu. Hufanana na jani lililooza. Basi mwalimu wa kutu akakata limau, akachota majivu, akaisugua mpaka ngozi yote ikatoka. Maji ya limau yalipogusa shaba, alisikia kitu kikivuta pumzi kwa meno yaliyoumana... Hakuacha kusugua.

Ikawaka kama kaa la moto.

Akaiweka katikati ya njia panda karibu na nyumbani, akaketi nyuma ya kichaka. Wanawake wa Kilutheri walipita wakienda kanisani. Hawakuiona. Mchuuzi wa viazi alipita. Hakuiona. Kisha akaja Dina, mtoto wa pekee wa mjane Marta, jirani yao, amebeba kibuyu kwa mikono miwili. Akasimama. Akainama. Alipoinuka, macho yake yakakutana na ya Tobia.

"Shikamoo, baba Yudith. Mbona umejificha?"

"Marahaba, Dina. Napumzika tu."

"Mama kanituma na uji wa Yudith. Na tazama, nimeokota pesa! Ni yako?"

Tobia alifungua kinywa. Ilikuwa bado inawezekana. Neno moja tu, ndiyo, na mtoto angemrudishia.

"Si yangu, mwanangu. Chukua."

"Kweli? Basi nitamnunulia Yudith sukari guru."

Jioni ile Yudith aliketi, akaumaliza uji wote.

Dina alizikwa Jumatano. Kaburini Marta aliishika mikono ya Tobia, akaibusu.

"Uliniletea kwinini yenu iliyobaki. Mungu akulindie wako."

"Amina," Tobia alijibu.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akafunua kifuniko. Harufu ya kiganja chenye jasho ilimpiga usoni. Pesa thelathini zilikuwa zimeumwaga utando wao wa kijani chini ya maji, kama nguo zilizovuliwa kwa haraka. Juu ya kila moja palikuwa na unga.

Chumba cha pili, kitanda kikalia.

"Tate... baba..." Yudith aliita kwa sauti ndogo. "Nasikia baridi."

Zipora akaanza kulia. Tobia hakumwendea. Nje, watoto wa shule ya misheni walikuwa wanarudi makwao kwa mstari, wakiimba, na njia yao ilipita mbele ya nyumba yake.

Alisimama mlangoni, kisu na limau mkononi, akaanza kuwahesabu. Akafika thelathini. Na wengine walikuwa bado wanakuja.