Tai wa Shaba na Baiskeli Isiyo na Jina

Asubuhi za Asmara zina baridi. Habteab hunawa uso haraka, akikunja sura kama mtu anayelazimishwa. Kisha huchukua kitambaa laini na kuifuta baiskeli yake nyekundu taratibu, kama anayempangusa mtoto mchanga. Mkewe, Letebrhan, humtazama akiwa na birika la chai mkononi. Siku moja alimwuliza kama naye angepanguswa hivyo akijipaka rangi nyekundu. Habteab alicheka, lakini hakuacha kufuta.

Baiskeli hiyo ilitengenezwa Italia, zamani, na kampuni iitwayo Torrachi. Habteab aliirithi kwa marehemu baba yake. Mbele, chini ya usukani, ina nembo ya shaba yenye picha ya tai. Mtaani kwetu Gejeret kila mtu anaijua nembo ile. Wazee wanaokaa nje ya mkahawa humsalimu Habteab, kisha huuliza hali ya Torrachi. Hali ya mke na binti huulizwa baadaye, muda ukiruhusu.

Nyumbani mle kuna baiskeli ya pili, ya kijivu. Kaka yake Letebrhan aliileta kutoka Kassala, ng'ambo ya mpaka, akampa mpwa wake Winta. Ubavuni ina maandishi madogo, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Hilo lilimtosha Habteab. Tangu siku ile aliitazama kama mgeni aliyeingia bila kusema ametoka wapi. Aliinusa mipira. Aliigonga fremu kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa. Alisema shemeji yake ni mtu mwema sana, ila watu wema ndio wanaouziwa vitu vibovu.

Winta alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mwendesha baiskeli wa klabu ya mtaa, na mazoezini alitumia ile ya kijivu. Shaka ya baba ilimwambukiza. Akichoka mlimani, alisema baiskeli hii ni nzito. Akipanda nyekundu, mlima ule ule, akachoka vile vile, alisema leo miguu yangu haina nguvu.

Sasa mashindano ya vijana yalikuwa yamekaribia, Jumapili ile. Njia ni barabara ya Massawa, inayotelemka kona juu ya kona mpaka Nefasit. Ukungu hupanda kutoka bondeni, na upande mmoja ni genge. Kitu kikivunjika pale, hupati hata nafasi ya kukilaumu. Habteab akakata shauri. Mwanawe hatatelemka pale na baiskeli isiyojulikana. Atakwenda na Torrachi.

Moyo wa Letebrhan ulikataa. Miezi michache nyuma, Habteab alikuwa amegonga mkokoteni wa punda karibu na Medeber, soko la mafundi wa chuma. Punda hakuumia. Habteab alichubuka goti. Tai wa shaba hakupata hata mkwaruzo, basi Habteab akatangaza kuwa baiskeli ni nzima. Lakini tangu siku ile ilikuwa ikilia, tik, tik, kila ikipita kwenye mawe.

"Baba Winta, hiyo sauti ni ya nini?" Letebrhan aliuliza.

"Ni chuma cha zamani. Kinazungumza."

"Na ile ya kijivu ingezungumza hivyo?"

"Ningeitupa."

Akanywa chai yake. Yeye hakusikia alichokisema. Mkewe alikisikia.

Jumamosi alasiri Letebrhan akakaanga kahawa, akamwalika jirani yao Tsegereda, kocha wa klabu. Kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na aliyeketi hainuki kabla ya cha tatu, kile cha baraka. Letebrhan alijua anachofanya. Mgeni asingeondoka, na mume asingekimbia.

Tsegereda ni mwanamke mfupi mwenye kovu kidevuni. Zamani alikuwa akishindana. Ukimwuliza habari za kovu, hukwambia ni sahihi aliyowekewa na baiskeli yenye jina kubwa.

Kikombe cha kwanza kilipokwisha, Letebrhan alieleza wasiwasi wake. Habteab akacheka. Akasema wanawake wawili wameungana kumwonea tai wa watu. Akaendelea kujigamba. Alisema Torrachi haifichiki, inajulikana kwa mlio wa gurudumu tu. Yeye angeweza kuitambua hata akifumbwa macho.

"Hata akifumbwa macho," Tsegereda akarudia polepole. "Mama Winta, hebu niazime shela yako."

Habteab hakuwa na pa kutokea. Wakamfunga macho kwa shela nyeupe ya Letebrhan. Winta akazileta baiskeli zote mbili uani. Wakaviringisha matambara kwenye viti na mikono ya usukani, ili mikono isitoe siri. Sharti lilikuwa moja: asiguse nembo.

Habteab akainua ya kwanza, akazungusha gurudumu. Lilivuma vizuri, bila kukwaruza. Akaidundisha chini, ikatulia. Uso wake ukang'aa chini ya shela. Akainua ya pili. Gurudumu lake liliyumba kidogo. Alipoidundisha, ikalia, tik.

Akarudi kwenye ile ya kwanza, akaweka mkono juu ya fremu.

"Hii ndiyo Torrachi," alisema. "Sikilizeni ilivyotulia. Ile nyingine ni debe la shemeji yangu. Mwepusheni mwanangu nalo."

Akaivuta shela mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya ile ya kijivu.

Kwanza aliwashuku wao. Akasema wamezibadilisha alipokuwa akiongea. Letebrhan akaapa mbele ya ubani uliokuwa ukifuka, lakini Habteab akataka jaribio lirudiwe. Wakamfunga tena. Akajibu vile vile. Safari hii alipofungua macho hakumshuku mtu. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kikombe cha pili, akakishika tu.

Tsegereda hakumcheka. Kwa kawaida yeye humcheka kila mtu. Aliomba mafuta ya taa kidogo, kitambaa, na kipande cha chaki cha Winta.

Akawaonyesha uma wa mbele wa Torrachi, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Akausugua kwa maji ya sabuni mpaka ukawa safi. Akaupaka mafuta ya taa, akasubiri wakati kahawa ya tatu ikichemka. Kisha akaufuta ukawa mkavu, akasaga chaki, akaupaka unga wake wote. Alieleza kuwa kama chuma ni kizima, chaki itabaki nyeupe. Kama kina ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuilowesha chaki.

Wote wakainama. Habteab alikuwa wa mwisho kuinama.

Mwanzoni paliendelea kuwa peupe. Halafu, juu kabisa, pale miguu miwili inapokutana, mstari mwembamba ukaanza kutokea. Ukawa mweusi. Ukazunguka karibu nusu ya chuma.

"Huo ndio mkokoteni wa punda," alisema Tsegereda. "Tik yako ilikuwa inatoka hapa."

Letebrhan alimtazama binti yake, kisha akatazama kando. Alikuwa akiiona ile barabara na ukungu wake.

"Lakini ni Torrachi," Habteab alisema, sauti ikiwa ndogo.

"Ni Torrachi, na ilitengenezwa vizuri. Sikatai, kaka. Jina linakwambia ilivyozaliwa. Yaliyoipata baadaye halikwambii. Mimi nilitelemka na jina kubwa bila kulikagua, nikaamka hospitali. Jina lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Lilibaki barabarani likimetameta."

Winta akauliza kama basi ile ya kijivu ni nzuri. Alikuwa ameshaanza kuitabasamia.

"Nani kasema?" Tsegereda akamjibu. "Usiipende hii kwa sababu umeikasirikia ile. Nayo ichunguze kama unayemchunguza mwizi."

Wakaichunguza kwa zamu. Winta alibana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma, akiweka kidole chini ya usukani. Haikucheza. Letebrhan alizungusha magurudumu, akitazama kama yanasogea na kugusa mpira wa breki. Yalikwenda sawa. Habteab alibonyeza njiti za gurudumu mbili mbili, kuona kama kuna iliyolegea. Wakaupaka na uma wake mafuta na chaki. Ukabaki mweupe.

Kisha Habteab akafika kwenye breki. Akabonyeza mipira yake kwa ukucha. Ilikuwa migumu kama jiwe. Ukucha haukuacha hata alama.

"Hii haitashika kwenye mteremko," alisema. Hakulisema kwa furaha, wala hakumtaja shemeji yake.

Tsegereda akamtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Wakanywa kikombe cha baraka. Kisha Habteab akaenda Medeber kabla mafundi hawajafunga, akarudi na mipira mipya, laini. Aliifunga mwenyewe, akaijaribu mara nyingi kwenye kilima cha nyuma ya kanisa, yeye juu ya baiskeli ya kijivu, kabla giza halijaingia, mtaa mzima ukimwona.

Jumapili ukungu ulikuwa mzito. Winta hakushinda. Msichana wa Keren alimpita kwenye kona za mwisho. Lakini alifika Nefasit wa pili, mzima, tope mpaka masikioni, akicheka. Alisema kila alipobana breki, ilimwitikia.

Ule uma wa Torrachi ulipelekwa Medeber. Fundi alipoubana kidogo tu, ulikatika kama muwa. Habteab alirudi nyumbani na vipande viwili, akaviweka mezani mbele ya mkewe. Letebrhan akamkatia mkate. Siku hizi Torrachi ina uma mwingine, uliopimwa kwa chaki, na Habteab anaipanda kwenda kazini. Haizungumzi tena.

Pale mkahawani wazee walikuwa wamelijadili jambo la Winta wiki nzima. Baiskeli isiyo na jina haiwezi kutelemka vile, walisema. Lazima kuna kitu. Hatimaye mmoja wao, Mzee Ghirmai, akamvuta Habteab pembeni.

"Tuambie ukweli, mwanangu. Hiyo ya kijivu ni Torrachi. Mmeipaka rangi ili watu wasiione."

Lilikuwa jambo rahisi sana kwa Habteab kuitikia kwa kichwa na kukubali. Wangempa kiti, wangemwagizia kahawa.

Akainama, akaitazama baiskeli ya Mzee Ghirmai iliyoegemezwa ukutani. Nembo yake ilikuwa imesuguliwa mpaka inaakisi jua. Akabonyeza mpira wa breki kwa ukucha.

"Mzee," alisema, "nyumbani kuna chaki?"