Kopo Lisilotiwa Kitu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Generosa alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamsaidia mama yake, Theodosia, kuchagua maharage ya kupika. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha. Pale kijijini Titye maharage ni mboga ya karibu kila siku, na yakikaa miezi michache tu, wadudu fukusi hao, yote yanabaki matundu na unga.

Ndiyo maana Mwalimu Felisiani, aliyehamishiwa pale kutoka Tanga, alipowauliza darasa la sita ni shida gani ya nyumbani wangependa kuichunguza, walijibu karibu kwa pamoja: fukusi. Mwalimu hakuwaandikia majibu ubaoni. Aliwaambia walete maharage na makopo matupu ya mafuta ya msaada, yale yaliyozagaa sokoni tangu kambi za wakimbizi zifunguliwe. Kundi moja lilichanganya maharage yake na majivu, jingine na pilipili iliyosagwa. Kundi la Generosa liliambiwa lisitie kitu chochote.

"Ninyi kazi yenu ni kufunika tu na kulala," alitania Raymond wa kundi la pilipili.

Generosa hakucheka. Yeye, aliyezoea kushika namba ya kwanza, alikuwa amekabidhiwa kopo la kukaa bure! Mwanzoni mwa Juni, siku chache kabla ya makopo kufunguliwa, alilichungulia, akakuta fukusi wanatembea watakavyo. Aibu ilimshika. Kesho yake aliwahi shuleni kabla ya wenzake, akayamwaga maharage yale kichakani nyuma ya darasa, akajaza mengine mazuri. Alikuwa ameyachota nyumbani kwenye mtungi wa mbegu, masalia ya mwisho ya msimu uliopita, na kuyafuta majivu kwa kitambaa.

Ijumaa makopo yalifunguliwa. Maharage ya majivu yalikuwa mazima, ya pilipili yalikuwa na matundu machache, na ya Generosa hayakuwa na tundu hata moja. Kundi lake lilishangilia. Mwalimu Felisiani aliinama juu ya kopo lile kwa muda mrefu.

"Haya yananishangaza," alisema. "Lakini tunaandika tulichokiona. Jumatatu tutajiuliza kwa nini."

Habari haikungoja Jumatatu. Generosa alipofika nyumbani alimkuta mama yake uani, mbele ya maharage mapya aliyokwisha kuyapepeta, ameshika ule mtungi wa mbegu, sasa mtupu.

"Mwana wanje, mwanangu, binti wa jirani kanieleza habari za kopo lenu," alisema Theodosia kwa furaha. "Kumbe majivu tunahangaika nayo bure. Mbegu hizi naziweka hivi hivi. Majivu nitapeleka migombani."

Alianza kumimina. Generosa alitazama mikono ya mama yake. Hizo ndizo mbegu zao za mvua za Oktoba, hawakuwa na nyingine. Zikiliwa na fukusi, watapanda nini?

"Mama, ngoja," alisema. Akaeleza yote, huku machozi yakimtoka.

Theodosia aliutua mtungi chini. "Kwa hiyo yale mazuri uliyatoa kwenye mtungi wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye majivu yangu."

"Ndiyo."

"Basi kalete majivu jikoni. Na Jumatatu utasema mwenyewe mbele ya wenzako, maana si mimi peke yangu niliyeambiwa."

Jumatatu Generosa alisimama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini darasa zima lilisikia. Raymond alifungua mdomo atanie, kisha akaufunga. Mwalimu Felisiani hakushika fimbo. Alimtuma akaokote maharage aliyoyamwaga kichakani. Aliporudi nayo, mwalimu aliyaweka mezani, kando ya yale ya majivu.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayangoja," alisema. "Bila kuona maharage yasiyotiwa kitu yanakuwaje, tungejuaje kama majivu yanasaidia? Kopo lenu halikukaa bure, Generosa. Lilikuwa kipimo cha makopo yote, na kuharibika ndiyo ilikuwa kazi yake. Wewe ukalizuia lisiseme."

Generosa aliinamisha kichwa.

"Si aibu kuonyesha kilichoharibika," aliendelea mwalimu kwa upole. "Aibu ni kukificha, watu wakaenda kuweka mbegu zao kwa kuamini uongo wetu. Leo kila mmoja akirudi nyumbani aeleze ukweli. Kisha jaribio tunalianza upya."

Jioni ile Generosa alipita nyumba hadi nyumba kwa majirani, akianza na ile ambayo alijua mtungi wake umekwisha kujazwa bila majivu.

Makundi yalipopangwa tena, mwalimu aliuliza nani atachukua kopo lisilotiwa kitu. Generosa alinyoosha mkono kabla ya wote. Alijaza maharage, akafunika vizuri, na safari hii akaandika jina lake juu ya kifuniko.