Koti la Kompyuta

Nyumbani kwa kina Chiriku hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Cherehani ya Mama ilianza kunguruma kabla ya chai kuchemka, na ukiisikia inakwenda mbio ujue kuna mteja anakuja kuchukua nguo yake. Bibi alikaa karibu na dirisha akishona pindo na vifungo kwa mkono. Chiriku alifagia nyuzi sakafuni, akaokota pini, kisha akainama chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Umeamkaje, mzee?" aliiuliza kompyuta.

"Iko siku itakujibu, utatoka hapo mbio bila viatu," Bibi alisema, na wote wakacheka.

Usidhani Chiriku ndilo jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na mtaa mzima ukamwita mama yake Mama Chiriku. Kompyuta ile kuukuu alipewa na Mjomba, fundi wa kompyuta, na wawili hao wakatengeneza tovuti ya kazi za Mama. Ukiifungua tovuti hiyo kwenye simu yako, popote ulipo, unaona picha za magauni, sare na majoho, na juu kabisa maneno "Mama Chiriku, Fundi wa Nguo". Picha zote hizo zilitoka ndani ya kompyuta ile ile chini ya meza, kwa hiyo kompyuta ilibidi ikae macho mchana na usiku.

Tangu mwanzo Mjomba alikuwa na shauri jingine. "Mpwa wangu, kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuhifadhi tovuti za watu. Wana mashine za akiba, wana jenereta, wana watu wanaopokezana zamu. Tuipeleke huko. Hii ibaki ya kujifunzia."

"Kha! Mtu mwenye nyumba yake akapange ya nini?" Chiriku alijibu. "Tovuti yetu, kompyuta yetu, umeme wetu!"

"Umeme wako wewe?" Mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Basi ukikatika tena tutakuja kukudai."

Mjomba hakubishana. Alimpa flashi ndogo na kumwomba jambo moja tu, kwamba kila Jumapili anakili humo tovuti nzima. Chiriku alinung'unika, lakini alifanya. Flashi ilining'inia kwenye msumari ukutani pamoja na utepe wa kupimia.

Kweli, umeme ulipokatika tovuti nayo ilizimika, na shuleni wenzake hawakumwacha salama. "Chiriku, duka lenu limefunga tena? Au fundi amelala?" Yeye aliwajibu kwamba hata simba hulala, na mambo yakaishia kwenye kicheko.

Siku moja akaja mwalimu wa kwaya kutoka shule ya jirani. Alitaka majoho mapya kwa kwaya nzima. "Ijumaa saa kumi kamati yetu itakaa," alisema. "Tutafungua tovuti za mafundi, tuziangalie pamoja kwa projekta ukutani, kisha tuchague mmoja."

Alipoondoka, Mama aliuweka mkasi chini. Kwa miaka mingi alikuwa amelishonea duka kubwa la mjini, na duka likaweka lebo yake lenyewe kwenye kila joho. Watu walisifu duka. Mshonaji hakuna aliyemjua.

"Joho langu na lebo yangu," alisema. "Mungu wangu, nami nionekane mara moja tu."

Chiriku alimtazama mama yake. Hakuwahi kumsikia akiomba jambo kwa sauti ya namna ile.

Bibi naye hakutaka kukaa bure katika shughuli hiyo. "Huyu mfanyakazi wetu wa chini ya meza hana hata nguo," alisema, "na nyumba hii ni ya mafundi! Tutachekwa." Akachukua kitambaa kizito cha buluu, akakitia bitana, akapiga ukingo mwekundu pembeni. Hata nyaya alizifikiria, akazitobolea matundu kama ya vifungo, kila tundu limezungushiwa uzi. Lilikuwa koti hasa. Ijumaa asubuhi Chiriku mwenyewe ndiye aliyeivalisha kompyuta.

"Limemkaa, Bibi! Kama alipimwa!"

"Mimi na kupima tulizaliwa siku moja," Bibi alijisifu.

Ndani ya nyumba ile kila mtu alijua kitambaa, na kila mtu akatazama ukingo ule ulivyonyooka. Hakuna aliyetazama matundu ya nyuma ambayo kompyuta hutolea joto.

Chiriku aliporudi kutoka shule alimkuta Mama amesimama na simu sikioni. Mwalimu wa kwaya alikuwa akijaribu kuifungua tovuti ili aandae kikao, na haifunguki. Chiriku alitupa mkoba, akapiga magoti chini ya meza. Koti lilikuwa la moto mithili ya pasi. Alilivua, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Kimya, na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Nimemuua?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo. Sindano ilikuwa bado mkononi mwake.

Maneno makali yalikuwa yamekwisha kufika kwenye ulimi wa Chiriku. Akaitazama mikono ile iliyozungushia uzi kila tundu, akayameza.

"Hapana, Bibi. Mimi ndiye ninayejua kwamba inahitaji hewa, na mimi ndiye niliyeivalisha. Sikufikiri."

Mama hakugombeza mtu. Alimwambia mwalimu ukweli: mashine imeungua, tunatafuta njia, naomba mtuvumilie. Mwalimu akasema atamweka Mama mwisho katika zamu ya kuangaliwa, lakini kikao hakiwezi kuahirishwa. Hapo Mama akampigia Mjomba.

Mjomba alifika akitokwa jasho, kompyuta yake ya mkononi kwapani. Aliigusa ile ya chini ya meza, akatikisa kichwa. "Hii haiamki leo. Flashi iko wapi?"

Chiriku aliruka kuichukua msumarini. Hakujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

"Mjomba, tuipeleke kwa wale wa kampuni," alisema. "Sasa hivi. Tafadhali."

Mjomba alijiandikisha na kampuni moja, akawapigia simu, akamkabidhi Chiriku azungumze. Upande wa pili kulikuwa na dada mwenye sauti tulivu. Alimwongoza hatua kwa hatua: pandisha picha, sasa kurasa, sasa badilisha anwani ili watu wanaotafuta jina lenu waletwe kwetu.

"Umejifunza wapi haya?" dada aliuliza. "Wengi hapa huwa tunaanza nao mbali."

"Nilikuwa nayo nyumbani, dada. Leo imeungua."

"Pole, mdogo wangu. Hata sisi mashine huungua. Ila ikiungua moja, nyingine hushika kazi, na daima kuna mtu macho."

Walingoja. Mama alifungua kwenye simu yake, hakuna kitu. Saa kumi ikapita. Akafungua tena, na tena, Bibi akinong'ona dua zake. Mara uso wa Mama ukabadilika. Joho la zambarau lilikuwa limejaa kwenye kioo cha simu, na juu yake jina lake.

Jioni, kabla giza halijaingia, mwalimu wa kwaya alipiga. "Mama Chiriku, tumekuchagua wewe. Kazi yako tumeiona, na ulivyotuambia ukweli tumependa."

Mama aliketi akalia, Bibi akapiga vigelegele, na Chiriku, kwa mara ya kwanza, akakosa la kusema.

Baadaye alikwenda kukaa karibu na cherehani. "Mama, nilitaka kila kitu kiwe chetu."

"Si vibaya, mwanangu. Kwa kuwa nayo hapa ndivyo ulivyojua namna ya kuihamisha." Mama akaokota joho lililokuwa mapajani. "Hili nimelishona mimi, siyo? Kitambaa sikukifuma. Uzi sikuusokota, na kifungo hiki kilitengenezwa na mtu nisiyemjua. Lakini lebo itakuwa yangu, na sioni haya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kujitegemea ni kuijua kazi yako na kuifanya vizuri, ya wengine ukawaachia wanaoiweza, ukalipa haki yao na kuwashukuru."

Chiriku akaenda kumpigia tena yule dada wa kampuni, amwambie asante tu.

Mjomba aliitengeneza kompyuta, nayo ikabaki chini ya meza, uchi, ikawa ya kujifunzia. Bibi alitaka kulichoma koti. Chiriku alimzuia, akamwomba amgeuzie liwe mkoba wa shule, na matundu ya nyaya yakabaki pale pale.

Lebo za "Mama Chiriku" alizoagiza Mama zilipofika, kwaya nzima ilikuwa ikingoja majoho. Hata hivyo Mama alichukua ya kwanza kabisa, akaishona kwenye mkoba ule.