Antena ya Nyumba ya Akina Mabry

"Ghorofa ya tatu! Kofia, glavu na manukato!"

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, na lile duka kubwa la katikati ya Cleveland lilikuwa limejaa pomoni. Earline Mabry, mwendesha lifti, alisimama kwenye pembe yake ndani ya suti ya bluu yenye vifungo vya shaba, mikononi glavu nyeupe pepepe. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kutaja bidhaa na kutabasamu. Kucheka hakukuruhusiwa. Lakini siku hiyo kicheko kilimfika kooni, kwa sababu kijana mmoja mrefu aliyevaa ovaroli aliingia na fungu la vyuma begani, akageuka kuomba radhi, na ncha ya chuma ikamvua kofia mama mmoja mnene, ikabaki inaning'inia hewani.

"Mizigo hupandia lifti ya nyuma, kaka," Earline alisema, akiuma midomo.

"Najua, dada. Ila mzigo wenyewe umenivuta huku." Akamrudishia mama kofia yake kwa heshima zote, kisha akabaki amesimama palepale, ghorofa baada ya ghorofa.

"Sasa unashukia wapi?"

"Wewe unashukia wapi?"

"Mimi nashukia saa kumi na mbili jioni."

"Basi na mimi hapohapo."

Jioni alimkuta mlangoni kweli, ameshanawa uso na kutupia koti juu ya ovaroli. Jina lake Wendell Tate. Vitani alikuwa akitandaza nyaya za simu za jeshi. Sasa alikuwa fundi wa kufunga antena za televisheni juu ya mapaa, na kazi hiyo ilikuwa haimpi hata nafasi ya kupiga miayo. Ulikuwa mwaka wa 1951. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza mizinga vilikuwa vinatengeneza majokofu, na watu walinunua kana kwamba maduka yangefungwa kesho. Mtu hakuulizwa tena hali yake, aliulizwa amenunua nini.

Alimsindikiza Earline mpaka kwao, karibu na barabara ya Cedar. Walipofika mbele ya nyumba, Wendell akainua macho, akaiona antena juu ya paa.

"Aaa, kumbe mna televisheni!"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Ingemchukua pumzi moja tu. Lakini ulimi ulimtangulia.

"Tunayo, ndiyo."

"Lakini antena yenu inatazama ziwani. Aliyewafungia alikuwa amelewa? Samaki hawarushi matangazo, bibie. Nitakuja niigeuze."

"Iache. Inaonyesha vizuri tu."

Ukweli ni kwamba haikuonyesha kitu. Waya ulishuka kutoka kwenye ile antena, ukaingia kwenye dirisha la darini, na huko ukaishia kwenye msumari. Televisheni haikuwapo. Nyumba zote za upande ule wa mtaa zilikuwa zimeota antena mwaka uliotangulia, na Earline hakuweza kuvumilia paa lao likae kipara. Akajiambia, tununue antena kwanza, televisheni itafuata. Haikufuata. Mama yake, Bi Odessa, aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa Wazungu matajiri wa Shaker Heights, alitoka siku ile akaitazama, akasema, "Wenzako huficha uongo chini ya kitanda. Wewe umeutundika juu ya nyumba." Kisha akaingia ndani na hakulitaja tena jambo lile.

Mapenzi yalishika moto upesi. Ijumaa walikula mkate wenye samaki wa kukaanga ndani uliofungwa kwenye gazeti, Jumamosi walicheza dansi, na siku nyingine walisalimiana kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa ya kuchangia, waya mmoja kwa nyumba nne, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa na mtu wa tatu.

"Habari za jioni, kipenzi changu," Wendell angesema.

"Nzuri, mpenzi."

"Na wewe Bi Gaither, habari za jioni."

Hapo ungesikia *kak!* Bi Gaither wa nyumba ya pili, mjane na mzee wa baraza la akina mama kanisani, amekata simu kwa hasira ya mtu aliyefumaniwa.

Lakini kila Wendell alipomsindikiza, safari yake iliishia kibarazani. Earline angemletea sharubati baridi ya limau, wakae kwenye ngazi, na mlango nyuma yao ufungwe. Ndani, viti vyote vilikuwa vimepangwa kuelekea kwenye kimeza kilichofunikwa kwa kitambaa cha lesi, kikingojea mgeni asiyefika. Mtu akiingia tu angejua. Earline aliviona viti vile kila asubuhi na kila asubuhi uso ulimsawijika.

Jumanne moja, mwezi wa sita, Wendell alipiga simu akiwa amechangamka.

"Sikiliza. Kesho kuna ndondi kwenye televisheni. Mama yangu anataka kuja kukuona, na atakuja na keki yake ya limau. Tutazame kwenu."

"Kesho? Televisheni imeharibika."

"Ina nini?"

"Imeungua balbu ya ndani."

"Balbu za ndani ninazo mfukoni kama njugu. Nitakuja mapema."

"Mama anaumwa kichwa."

"Tutapunguza sauti."

"Wendell, si kesho."

Utani ukamwisha Wendell. "Earline, kuna mtu mwingine humo ndani?"

"Hakuna! Mungu wangu, hakuna."

"Basi mbona tangu Pasaka kwenu nakujua kibarazani tu? Sebule yenu ina nini hata mimi nisiione?"

Mtu aliyebanwa na uongo wake hushika jiwe lolote lililo karibu. Earline alishika lililo kubwa kuliko yote.

"Kwa sababu mama yangu hakuhangaika na zulia lile ili mafundi wa mapaa waje kulikanyaga na mabuti yao ya lami!"

Kwenye waya Bi Gaither alivuta pumzi kwa nguvu, na safari hii hakukumbuka kukata.

"Sawa, bibie," alisema Wendell. "Nimesikia." Akaweka simu polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Earline alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sare yake ya kazini. Alikuwa amesikia yote.

"Mazulia ya watu huwa nayasugua kwa magoti," alisema Bi Odessa. "Na mimi nikitoka chumbani, wenye nyumba husema hivyohivyo juu yangu. Nilidhani maneno hayo yanakaa kwao."

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Najua hukuwa nayo. Lakini umeyatoa wapi upesi hivyo?"

Earline aliingia chumbani akakaa kitandani, na aibu ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Mpaka siku hiyo alikuwa ameona haya kwa kitu asichokuwa nacho, na haya hiyo unaweza kuifunika kwa kitambaa cha lesi. Hii ya sasa ilikuwa ya neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, tena kwa mtu aliyempenda, na haikufunikika kwa chochote.

Alipiga simu kesho yake. Akapokea mama yake Wendell.

"Wendell amesema hayupo," alijibu yule mama, ambaye hakuwa na kipaji cha kusema uongo.

"Mwambie naomba radhi, mama."

"Mwanangu, ulimtukana mbele ya mashahidi. Radhi ya kunong'ona itatosha?"

Mashahidi walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Ilipofika Jumapili, Bi Gaither alikuwa amekwisha kuyagawa yale maneno kanisa zima. Earline, katika gauni lake la njano na kofia ya maua, alikaa kwenye benchi na mama yake tu. Waliozoea kubanana nao walikuwa wameona nafasi kwingine. Wimbo ulipoimbwa, alikuwa akiwaza lile swali: radhi ya kunong'ona itatosha?

Ibada ilipokwisha hakungoja chakula. Alitoa ngazi kwenye kibanda cha nyuma, akaiegemeza ukutani, akavua viatu vyake vya visigino, akapanda. Gauni la njano na kofia ya maua vilikuwa bado mwilini. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka kanisani, wengine wameshakaa vibarazani na sahani za kuku. Mtaa mzima ukasimamisha taya.

"Odessa! Binti yako yuko juu ya paa!" alipiga kelele Bi Gaither.

"Namwona," alisema Bi Odessa, akaenda kuishika ngazi.

Bi Gaither alikimbilia ndani. Tuseme alivyokuwa: ni mwanamke wa kuchonganisha, lakini si mwanamke wa kuacha mtu avunjike shingo. "Wendell Tate," alisema kwenye simu, "sijui mmegombana nini—"

"Unajua vizuri sana, Bi Gaither."

"Basi najua! Njoo. Yuko juu ya paa na spana, na anaifungua antena upande usiotakiwa."

Wendell alifika na gari la kazini, ovaroli ameivaa juu ya shati la kanisani. Alipoinua macho alimwona Earline ameikumbatia ile antena, soksi za nailoni zimechanika magotini, kofia imelalia sikio.

"Shuka, Earline! Utaanguka!"

"Sishuki mpaka nimalize!" Kisha akajiinua, akapaza ile sauti yake ya kutaja ghorofa, ikafika hadi mwisho wa mtaa. "Hatuna televisheni! Sikilizeni wote! Hatujawahi kuwa nayo hata siku moja! Huu waya umefungwa kwenye msumari!"

Hapana aliyecheka. Kwenye kibaraza cha tatu, bwana mmoja alianza kuyachunguza mabawa ya kuku wake kwa makini sana.

"Na Wendell Tate sikumkataza kuingia kwetu kwa sababu ya mabuti yake! Nilimkataza kwa sababu angeona kimeza kitupu! Nikamtukana ili nisiumbuke mimi!" Machozi yalimtoka, na mikono yote ilikuwa na kazi, hakuweza kuyafuta. "Naona haya, Wendell. Si ya televisheni. Naona haya kwa lile neno."

Wendell alipanda ngazi, akatembea juu ya paa kama anatembea sebuleni, akaishika spana iliyokuwa mkononi mwa Earline.

"Unaikaza, mpenzi," alisema taratibu. "Kufungua ni upande huu."

Walipoishusha, Bi Odessa akafungua mlango wa mbele hadi mwisho. Wendell alisimama kizingitini, akainama kuanza kuvua mabuti.

"Ingia nayo," alisema Bi Odessa. "Zulia nitalisugua. Ndiyo kazi yangu."

"Hapana, mama," alisema Earline. "Nitasugua mimi."

Wendell aliviona vile viti vyote vinavyotazama kimeza kitupu. Earline alisimama kando, uso umemwaka, hajui mikono aiweke wapi. Wendell alikwenda kwenye kiti cha kwanza, akakigeuza. Akageuza na cha pili, vikatazamana, akakaa. "Mkate wa mahindi ndio huo ninaounusa?" aliuliza.

Jumatatu jioni simu ililia.

"Habari za jioni, Earline. Na wewe Bi Gaither, habari za jioni."

Pumzi ya mtu ikasikika kwenye waya.

"Usikate, Bi Gaither. Leo nakuhitaji."

"Mimi nilikuwa napita tu," ikasema sauti ya tatu.

"Yale maneno mabaya uliyasikia, ukayafikisha kote. Basi na haya uyafikishe. Earline Mabry, nataka kukuoa."

Aibu ilimpanda tena Earline, ya moto, kama vile bado yuko juu ya paa. "Wendell, lile neno bado unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Nadhani nitalikumbuka mpaka tuzeeke."

"Na bado unaniuliza?"

"Bado nakuuliza."

Earline aliukumbatia mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Mjibu mtoto wa watu!" Bi Gaither alifoka.

"Ndiyo," alisema Earline. "Ndiyo, Wendell."

Kwenye waya akasikika mtu anapenga kamasi, na hakuwa Wendell wala Earline.